Wanachuo mnaokuja Mbeya kujitolea kwa wiki moja, pangeni safari hivi

Likizo za vyuo zikikaribia simu zinaanza kuingia, wengine wako Iringa pale Mkwawa au RUCU, wengine wako hapahapa Mbeya, MUST, TEKU, Mzumbe, na wote wanataka kitu kimoja, kuja kukaa siku kadhaa mitaani wasaidie wazee, watoto, watu wenye ulemavu, familia ambazo maisha yamezibana. Nafurahi kila nikizipokea hizo simu kwa sababu huku mikono inahitajika kweli. Ila swali la kwanza karibu kila mara huwa "tulete nini?", na jibu linaishia kuwa sabuni, sukari na unga, watu wanakuja na kosta, wanagawa, wanapiga picha, jioni hawapo.

Mimi nakaa Mbeya, nasaidia mtaa wetu kupokea hivi vikundi, na ninachotaka mkielewe kabla hamjachanga hata mia ni kwamba nyie mna kitu ambacho bibi wa kule Itiji hawezi kukinunua dukani. Mnajua kusoma fomu, mnajua kukomaa na ofisi mpaka kieleweke, mna miguu yenye nguvu na mna wiki nzima. Sabuni mtu yeyote anaweza kuleta. Kwahiyo safari ipangwe ili hivyo vitu vyenu vitumike.

Tuanze na tarehe maana hapa ndo wengi wanajifunga wenyewe. Likizo fupi ya Februari au Machi huku ni mvua tupu, njia za Isanga, Iganzo na Itiji chini ya mlima Loleza ni mteremko na udongo unateleza, bajaji hazifiki juu, mtashinda mnakwepa matope. Julai ni kavu, mavuno yameshaingia, watu wapo majumbani, kwahiyo ni muda mzuri, cha msingi muwahi kabla hamjaitwa fildi. Msije wiki ya kwanza ya Agosti, ile kuanzia tarehe 1 hadi 8 ni Nane Nane, maonyesho yako viwanja vya John Mwakangale, gesti zinajaa na bei zinapanda, af maofisa wengi mnaowahitaji wanakuwa viwanjani. Na fikeni Jumapili jioni muanze kazi Jumatatu, sio Ijumaa, kwa sababu Jumamosi na Jumapili ofisi zote zimefungwa na nitaeleza mbele kwanini ofisi ni muhimu kuliko mnavyodhani.

Barua. Miezi miwili kabla, barua itoke chuoni kwa Mshauri wa Wanafunzi iende kwa Mkurugenzi wa Jiji, ikitoka pale inashuka kwa Afisa Ustawi wa Jamii, inaenda kwa Mtendaji wa Kata, mwisho Mtendaji wa Mtaa na Mwenyekiti wake. Najua ni ndefu na kuna siku mtaambiwa mhusika hayupo njooni kesho, vumilieni tu, msiiruke hata hatua moja. Kwanza mtaani mkionekana vijana wageni mnaingia nyumba za watu bila mwenyeji, watu wana haki ya kuwauliza nyie ni akina nani. Pili hao viongozi ndo wanajua kaya zipi ziko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na zipi zilikosa japo hali yao ni mbaya zaidi. Balozi wa eneo, yaani kiongozi wa nyumba chache za jirani, ndo anajua zaidi ya wote, yule anajua nani hajawasha jiko tangu jana, nani anajificha ndani kwa aibu. Mkikaa naye nusu saa mtapata orodha ambayo hakuna ofisi inayo.

Kabla ya kundi zima kuja tumeni watu wawili watangulie, hata kama ni siku moja tu. Kutoka Iringa mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, basi linapita Mafinga, Makambako, Igawa mpaka Uyole, asubuhi unaondoka alasiri umefika, sio safari ya kutisha. Hao wawili kazi yao ni kuuliza na kusikiliza. Wakae na mtendaji, waende na balozi kwenye nyumba kama nne tano, waulize kitu kimoja, "ni kazi gani imekushinda hapa nyumbani?". Majibu yatawashangaza. Mmoja atasema choo kimebomoka, mwingine kuni zipo ila hana wa kuzipasua, mwingine anataka mtu wa kumpeleka hospitali tu maana peke yake hawezi kushuka ule mlima. Mkirudi chuoni ndo mnapanga bajeti kwa hayo majibu.

Idadi, msizidi kumi na tano. Kundi la watu sitini linaifanya nyumba ya vyumba viwili ionekane kama msiba umeingia, majirani wanatoka kuja kuuliza nani amefariki. Gawaneni wawili wawili, ikiwezekana wa kike na wa kiume, na kila jozi ipewe nyumba zake mbili au tatu HIZOHIZO kwa wiki nzima. Hiki naomba mnielewe kabisa. Siku ya kwanza mzee atakwambia hajambo, hana shida, Mungu ni mwema. Siku ya tatu ukiwa umeshamchotea maji na kumfulia blanketi ndo anakwambia mguu haulali usiku. Mkizunguka nyumba thelathini kwa siku moja mtakusanya "hajambo" thelathini mkaondoke nazo.

Mwaka fulani kuna mabinti wawili walipangiwa bibi mmoja anayelea wajukuu watatu. Siku ya pili asubuhi wakamkuta ametandika turubai anapukuchua maharage, wakakaa chini nao wakaanza kupukuchua, hawakutoa daftari wala simu. Bibi akapiga stori weee, za Tukuyu alikozaliwa, za marehemu mume wake alivyokuwa fundi kwenye reli ya TAZARA, mpaka akafika kwa mwanae aliyefariki, mama wa hao wajukuu. Akainuka akaingia ndani akarudi na mfuko wa nailoni umefungwa mafundo matatu, ndani yake kuna bahasha, ndani ya bahasha kadi mbili za kliniki, cheti cha ubatizo na karatasi ya hospitali ya kibali cha mazishi imekunjwa mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Akawauliza, "hizi zinatosha wajukuu zangu kusoma?" Mjukuu mkubwa alikuwa kidato cha pili. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa, na kifo cha mama yao hakikuwahi kusajiliwa popote.

Sasa nyie wanachuo hapa hamhitaji kufundishwa, mnakumbuka wenyewe ile wiki ya kuomba mkopo. HESLB, bodi ya mikopo, wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki wanataka cheti cha kifo nacho kimehakikiwa. Yule mtoto wa kidato cha pili miaka minne mbele angefika pale, ana ufaulu mzuri, yatima kweli, halafu anashindwa kuthibitisha kwamba ni yatima. Wenye uhitaji kuliko wote ndo hawana makaratasi ya kuonyesha uhitaji wao! Na karatasi ile ya kibali cha mazishi ikichanika mvua ikiingia, basi tena, safari inakuwa ndefu mara mbili.

Kwahiyo mkiniuliza kazi yenye faida kuliko zote mnayoweza kufanya kwa wiki moja mjini, nitawaambia ni makaratasi. Fanyeni hivi. Kwa kila nyumba, mkishazoeana, ombeni mwenye nyumba awaonyeshe nyaraka alizonazo, asipotaka muacheni. Andikeni nani ana nini na nani anakosa nini. Mtoto wa chini ya miaka mitano mambo yake ni mepesi, Mbeya ni kati ya mikoa ya mwanzo kabisa kuingia kwenye mpango wa RITA wa kusajili watoto wa umri huo bure, anasajiliwa kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata na cheti anapewa palepale. Aliyezidi mitano anaenda kwa utaratibu wa wilaya, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, au maombi yanajazwa mtandaoni na nyie laptopu na bando mnavyo. Hapo inatakiwa kukusanya ushahidi, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza la saba, barua ya mtendaji, kwahiyo kuna kupanga foleni, kuna kurudi kesho. Hiyo foleni bibi mwenye miaka sabini na kitu na goti linauma hawezi, nyie mnaweza. Muende NAYE siku ya sahihi tu, mumlipie bajaji, mumpangie foleni, yeye aje kukaa akiitwa. Ada za vyeti ziwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo, ulizeni kiasi palepale ofisini na mdai risiti.

Hivyohivyo kitambulisho cha NIDA, bila hicho laini ya simu haisajiliwi kwa jina lake, na wazee wengi waliolima maisha yao yote vidole vimesagika, mashine inagoma kusoma, inabidi mtu wa kusimama naye pale kaunta asirudishwe nyumbani kimyakimya. Na kwa wazee, sera ya taifa ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, halmashauri zimekuwa zikitoa vitambulisho vya matibabu kwa wazee wasiojiweza, mwulizeni Afisa Ustawi utaratibu wa sasa ukoje af muwasaidie ambao hawajaandikishwa. Utashangaa ni wangapi hawajui kama hiki kitu kipo.

Pembeni ya makaratasi ndo kuna kazi za mikono. Kupasua kuni, kuziba bati linalovuja, kuchimba choo, kufua mablanketi mazito ambayo mzee hawezi kuyakamua. Kama kuna kazi ya ufundi mlipeni fundi wa mtaani palepale nyie muwe saidia fundi, msijaribu paa la mtu kama hamjawahi kupanda paa. Na vitu vya kununua nunueni duka la mtaa huohuo au Soko la Mwanjelwa, hela ibaki pale.

Vitu vyenyewe sasa, mkiamua kuleta. Julai huku usiku unashuka chini ya nyuzi 10, kwahiyo blanketi, soksi nzito, sweta za mitumba zilizofuliwa. Pampasi za watu wazima, hakuna anayeziomba kwa sababu ya aibu lakini mwenye mgonjwa wa kulala kitandani ukimletea utaona uso wake unavyobadilika. Taulo za kike kwa mabinti, zipitie kwa mwalimu au mama wa nyumba, zisigawiwe hadharani. Fulana zenye nembo ya kikundi chenu msichapishe, hiyo hela inalipia vyeti vya watoto kadhaa.

Kuhusu baridi kuna jambo naliandika kwa uzito kabisa. Kila msimu wa baridi nyanda za juu kusini watu wanafariki kwa kulala na jiko la mkaa ndani, milango imefungwa, hewa ya sumu haina harufu, mtu anasinzia haamki. Nyie wenyewe kwenye hosteli au chumba mlichopewa na kanisa, MSILALE na jiko, hata kama mkaa unaonekana umeshakuwa majivu. Na kwenye nyumba mnazotembelea angalieni bibi analala wapi na jiko linalala wapi, kama viko chumba kimoja muelezeni mbele ya wajukuu wakubwa, mumuachie blanketi la pili, maana ukimkataza jiko bila kumpa cha kujifunika umemkataza bure.

Adabu za nyumbani mnazijua, shikamoo kwanza, viatu mlangoni, na mkiwa mnapita Iringa au Njombe salamu ya "kamwene" inafungua milango mingi. Mkiletewa kiazi cha kuchemsha au ndizi na chai, kuleni. Najua roho inauma kula kwenye nyumba isiyo nacho, lakini mkikataa mnamwambia mwenyeji kwamba yeye ni wa kupewa tu, na hilo linamuumiza zaidi ya njaa. Kuleni kidogo mshukuru.

Mtakutana pia na suala la ukimwi na inabidi mliingie kwa utulivu. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyumba nyingi huku kuwa bibi na wajukuu watupu. Usimuulize mtu hali yake. Usimuulize mtoto mama yake alikufa na nini. Ukiona dawa kwenye kabati hukuziona, na usiku mkiwa mnakaa kupeana mrejesho hilo halitajwi hata kwa fumbo. Nyie wa vyuo vya afya, kupima presha na sukari ni sawa kama mna mtaalamu wa zahanati ya kata anayewasimamia na dawa zipo za kuanzishia, tofauti na hapo mnamwambia mama presha yake ni mbaya halafu mnaondoka.

Watoto. Kituo chochote mnachotaka kwenda ombeni Afisa Ustawi awathibitishie kwamba kimesajiliwa, na mkifika fuateni ratiba yao, sio muda wa kusoma nyie mnawasha spika wacheze. Mtoto wa miaka sita akikung'ang'ania usimwahidi utarudi kama hujui utarudi lini. Kaa naye hesabu ziishe, msaidie kufua sare, cheza mpira, inatosha. Watoto wa mtaani mtawaona Kabwe na Mwanjelwa, wanaokota chupa na vyuma chakavu, hao msiwaendee peke yenu na msigawe hela barabarani, wakubwa wao wanawanyang'anya mkigeuka tu. Nendeni na watu wa ustawi wanaowajua kwa majina. Ukiona dalili kwamba mtoto anapigwa au anafanyiwa ukatili, usimhoji kama polisi, msikilize, kisha piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi siku hiyohiyo, msisubiri kumaliza ratiba yenu.

Watu wenye ulemavu, kabla hata hamjaja, kama mko Iringa nendeni mkanywe chai pale Neema Crafts, kituo cha kazi za mikono, kipo tangu 2003, wahudumu wa mgahawa ni viziwi, unaagiza kwa kuandika au kwa ishara, na karakana zao zimejaa watu wenye ulemavu wanaotengeneza vitu vya kuuzwa. Saa moja pale inabadilisha namna mnavyowaza. Mtu wa baiskeli ya magurudumu muulize kabla hujamsukuma, kiziwi ongea ukimtazama yeye na sio dada yake aliyekuja naye, na mkikutana na fundi viatu mwenye ulemavu anayetaka mtaji mwelezeni kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, sehemu 2 kati ya hizo 10 ni za watu wenye ulemavu, mkae naye muandike maombi.

Picha. Ushauri wangu ni simu za picha zibaki kwa mtu mmoja, apige kazi, choo kilichokamilika, kuni zilizopangwa, nyie wenyewe mmechafuka matope. Sura za watoto hapana. Niliwahi kumuona mzee ameshikishwa mfuko wa sukari anasubiri vijana wamalize kupiga, mkono unatetemeka, kila mmoja anataka awe pembeni yake, hakuna hata mmoja aliyeona kwamba mfuko ni mzito. Sheria ya Mtoto ya 2009 na ile ya taarifa binafsi ya 2022 zipo, lakini hata zisingekuwepo, jiulize kama ungependa bibi yako awekwe hivyo kwenye stetasi ya mtu asiyemjua.

Siku ya mwisho msifanye sherehe kubwa. Asubuhi pitieni kila nyumba mkaage kwa adabu, mueleze nini kimekamilika na nini bado kinasubiri ofisini. Mchana kaeni na mtendaji na Afisa Ustawi muwakabidhi daftari, nyumba kwa nyumba, maombi gani yamepelekwa, namba ya ombi, tarehe ya kurudi kuchukua, nani ataenda kuchukua. Nakala za nyaraka ziwekeni kwenye bahasha ngumu ya plastiki, abaki nazo mwenyewe sio nyie. Mweka hazina arushe mahesabu yote na picha za risiti kwenye grupu kabla basi halijafika Makambako, hela ikibaki hata elfu kumi isemwe itafanya nini.

Halafu mchague mtu mmoja wa kufuatilia, ambaye atakuwa anampigia mtendaji kila baada ya wiki mbili mpaka cheti cha mwisho kitoke. Awe mwaka wa kwanza au wa pili. Mkimpa wa mwaka wa tatu akimaliza mitihani anahama, anabadilisha laini, na mtendaji anabaki anapiga namba ambayo haipatikani.